Funga kwa Nje

Bondeni, Nakuru
9 Machi 2025

Kwa Anko Ndegwa,

Habari za Molo na baridi yake? Huku tuko wazima. Mum anakusalimia. Mguu wake umeanza kupona, na wiki hii ameenda kazini Milimani siku zote sita bila kulalamika, jambo lililonitia wasiwasi kuliko kama angelalamika. Viazi vilifika na lori, gunia moja na nusu. Kihara dereva anaapa viliondoka kwako vikiwa hivyo hivyo. Simwamini, lakini kwa kuwa umekataa simu ya maana, yeye ndiye posta yetu, kwa hivyo nimenyamaza.

Mum anasema umeuliza mara mbili ninafanya kazi gani kwenye kompyuta nikishafunga saiba, lile duka la intaneti, na kwamba usipojibiwa utaandikia gazeti kama kawaida yako. Acha nikujibu kabla hujanitangaza.

Kuna gemu tunacheza watu wengi pamoja kwa intaneti. Unaanza huna kitu, hata nguo. Unakata miti, unachimba chuma, unajenga nyumba. Shida ni moja: ukizima kompyuta yako, ile dunia haizimi. Wewe umeenda kazini, lakini mali yako imebaki, na mwili wako umebaki umelala sakafuni pale ulipouacha. Mtu yeyote anaweza kubomoa ukuta, achukue kila kitu na akuue ukiwa usingizini. Ukirudi unaanza upya. Nimewasikia watu wazima wakilia kwa hilo, Anko, wenye watoto.

Sasa mimi nilifungua benki. Nina jengo la mawe, kuta nne moja ndani ya nyingine, na masanduku arobaini. Unaleta mali yako nakuwekea, nachukua moja kwa kumi. Nina pia vyumba sita vya kulala: unaingia, unajifungia, mwili wako unakaa salama mpaka urudi. Tangu mwaka juzi haujapotea hata msumari. Kuna wateja wa Eldoret, wa Kisumu, na jamaa mmoja wa Ufini asiyesema kitu. Wezi wa gemu hawanivunjii, kwa sababu hata wao wameweka kwangu.

Nimeiita Stoo ya Ndegwa. Nilipokuwa mdogo ile stoo yako ya mawe ndiyo ilikuwa kitu kigumu kuliko vyote nilivyojua duniani. Najua utanikemea. Kemea tu.

Mimi wako,
Wangu


Molo
21 Machi 2025

Wangu, mtoto wa dada yangu,

Salamu zako zimefika. Rahab mke wangu hajambo, ng'ombe wawili hawajambo, mvua imekataa. Mwambie Waithera nimefurahi kuhusu mguu. Kihara ni mwizi. Nilipakia magunia mawili, nikashona midomo yake kwa mkono wangu.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeondoka mezani. Binti mwenye diploma anakaa Bondeni akilinda mbao ambazo hazipo, za watu asiowajua, dhidi ya wezi ambao ni wateja wake. Na unajivunia. Nikuulize: nani aliyeitengeneza hiyo dunia ili mtu aliyelala auawe? Si mvua iliyofanya hivyo. Kuna watu waliokaa ofisini wakaamua kwamba usingizi utakuwa hatari, kisha ninyi mkapiga foleni kununua kufuli. Huo ndio mchezo wenyewe, na hauhitaji kompyuta. Nimeuona hapa tangu nikiwa mtoto. Kwanza watu wanatiwa hofu, halafu anakuja bwana mmoja mwenye tabasamu na funguo, anasema leteni kwangu.

Na huyo bwana ni nani? Ni mtu ambaye hajaiba bado. Hana sifa nyingine. Mwenye mali anadhani mali ni yake kwa sababu jina lake liko kwenye sanduku. Si kweli. Mali ni ya mwenye ufunguo. Akichelewa, akiugua, akisahau, akiogopa, mali hiyo imekwisha, hata kama haijaguswa. Hakuna kitu kibaya kama kuweka salama. Nimesoma vitabu vingi kuhusu wanyang'anyi na vichache mno kuhusu watunzaji, na hao ndio wa kuandikiwa.

Hivyo vyumba vya kulala ndivyo vilivyonichafua roho zaidi. Kuweka mahindi naelewa. Mtu hawekwi.

Na jina langu ulipewa na nani ruhusa ya kulitumia? Liondoe.

Anko wako,
Ndegwa


Bondeni
13 Aprili 2025

Kwa Anko,

Pole kwa kuchelewa. Mvua imefika huku na barabara ya kwetu imekuwa mto. Mum yuko sawa. Amesoma barua yako, akacheka mpaka pale kwenye vyumba vya kulala, kisha akaikunja akanirudishia. Nilimuuliza kuna nini, akaenda kuanika nguo. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jina sijaliondoa. Jina la benki ndilo wateja wanaloliamini, nikilibadilisha watasema nimeuza. Lakini kuna jambo limetokea na sina mtu mwingine wa kumwandikia, maana wenzangu wa gemu wameanza kuogopa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu alikuja mteja mpya anayejiita Kumi na Mbili. Wateja wengine huleta chuma na risasi. Huyu alileta vitu vya kawaida tu, vipande vya mbao, lakini kila kipande alikuwa amekiandika jina, maana gemu inakubali kukibandika kitu jina lolote. Vitu kumi na moja. Cherehani ya miguu. Redio ya betri. Sufuria nne zilizoingiana. Godoro la futi tatu na nusu. Mabati manane. Jembe. Blanketi mbili. Picha ya harusi yenye fremu. Mkebe wa maziwa. Taa ya karabai. Na kimoja kingine ambacho nitakuambia tukionana, maana kilinichekesha.

Kisha akaomba chumba cha kulala. Nimekunakilia maneno yetu vile yalivyo:

"Niaje. Chumba cha siku ngapi?"

"Mpaka nifunguliwe."

"Hapa mteja hujifungia mwenyewe kwa ndani. Namba ya siri ni yako."

"Hapana. Funga kwa nje."

"Boss, nikifunga kwa nje hutoki bila mimi."

"Najua. Funga."

Nikafunga. Sasa elewa, mwili uliolala hupata kiu. Mwenyewe asiporudi kuunywesha kwa siku nne, unakufa. Huyu hurudi kila siku ya tatu, saa tisa alasiri. Anaamka, anakunywa, anageukia mlango, anasimama. Haongei wala hajaribu kufungua. Dakika kumi na tano, ishirini, nikimtazama kwenye kamera ya benki. Mara moja nilimuuliza anafanya nini akaandika, "Nahesabu." Nikamwambia vitu vyako viko vyote kumi na moja, nimekagua. Akaandika, "Kumi na mbili." Kisha akalala tena palepale, ameegemea ukuta.

Wateja wanaopita kwenye ukumbi wanamuona kupitia tundu la ukuta. Jamaa wa Ufini, ambaye hajasema kitu miaka miwili, ameandika neno moja kwa Kiingereza cha kutafsiriwa: mtoe. Wanne wameshahamisha mali.

Nifanye nini? Haki ya mteja ni kuachwa alale.

Wako,
Wangu


Molo
2 Juni 2025

Wangu,

Hatujambo. Nilikuwa na kazi.

Fungua hicho chumba. Usimuulize kitu, usibishane naye, fungua na uache wazi. Hakuna mtu mwenye akili anayepanga cherehani na karabai na mlango wa kijani kisha akalala kando yake kwa mchezo. Ni mgonjwa au ni mtu mbaya. Ukimaliza funga hiyo benki kabisa na uuze kompyuta. Nitakufidia kwa viazi.

Usimsomee Waithera barua hii.

Ndegwa


Bondeni
15 Juni 2025

Anko,

Natumaini Aunty Rahab ni mzima na mvua imewafikia. Kihara anasema umekonda. Alisema pia ulimpa ile barua, ukaichukua, ukampa tena, mara tatu, lori likinguruma.

Barua ilichelewa. Kumi na Mbili amekufa. Alirudi tarehe kumi na tisa Mei, akasimama akiutazama mlango kama kawaida, akalala, na siku ya tatu hakuja. Nilingoja. Siku ya nne asubuhi nilikuwa na wateja wa kuchapisha fomu, nikafungua gemu saa sita mchana. Sheria yangu ni kutogusa mteja aliyelala, na niliifuata. Nilikuwa na ufunguo, nilikuwa na maji, nilikuwa nimeketi hapa. Nilimtazama mpaka akaisha, kwa sababu mwenyewe aliniambia nifunge.

Ni gemu, najua. Sijakula vizuri tangu siku hiyo. Benki imebaki na masanduku sita. Wateja wengine hawakugombana nami hata kidogo. Walikuja mmoja mmoja, wakachukua vyao, wakapita mbele ya kile chumba wakiwa wameinamisha kamera zao, ndiyo macho yao ya gemu, chini.

Sasa mimi nikuulize, na usiniandikie kuhusu hali ya hewa. Nilikuandikia vitu kumi. Kile cha kumi na moja nilikiacha, kwa sababu ilinichekesha mtu kuweka mlango benki. Ulikuwa mlango wa kijani, ndiyo. Umejuaje?

Na nina jambo langu ambalo sijawahi kukuambia. Januari ile ya 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, tulipokuwa kwenye hema la wakimbizi pale uwanja wa maonyesho, nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nalala kati yako na Mum. Ulikuwa na ufunguo kwenye mfuko wa koti, na mchana kutwa ulikuwa unaugeuza. Nilidhani ni ufunguo wa nyumba, lakini nyumba ilikuwa imeungua, tuliiona tukiwa juu ya lori ikiungua. Nilikuuliza ni wa nini. Hukuwahi kunipiga maishani isipokuwa siku hiyo.

Ulikuwa wa nini, Anko?

Wangu


Molo
3 Agosti 2025

Wangu,

Natamani ningekuwa na habari za nyumbani za kukuandikia kwanza. Rahab yuko mzima. Hajui ninachoandika.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ua aliitwa Kibii, si wa kabila letu. Mke wake Milcah, na binti yao Linah alikuwa na miaka minane kama wewe. Mlikuwa mnacheza pamoja, huenda umemsahau. Kibii na mimi tulinunua gazeti moja kwa zamu kwa miaka kumi, tukaligombania kila aya. Alikuwa fundi wa mabati na alikuwa mbishi kuliko mimi. Sikuwahi kumshinda kwa hoja hata siku moja, na wewe ndiye mtu wa kwanza kusikia nikikiri hilo.

Ghasia zilipoanza, vijana wa upande wetu walianza kumtafuta. Nasema upande wetu kwa sababu ndivyo ilivyosemwa. Mimi niliandika dhidi ya neno hilo maisha yangu yote na likaniokoa ngozi. Milcah na mtoto walipata nafasi kwenye pikapu. Wanaume walikuwa wanateremshwa kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hivyo Kibii akabaki. Waling'oa mlango wa nyumba yao usichomwe, wakaleta na vitu vyao vingine kwenye stoo yangu. Kumi na moja. Milcah alinihesabia kwa vidole. Kisha akamshika mume wake begani akasema, "Na huyu, kumi na mbili."

Mimi ndiye niliyefikiria kufuli. Stoo iliyofungwa kwa ndani inasema kuna mtu. Iliyofungwa kwa nje inasema kuna viazi. Nilijiona mwerevu sana. Nilimwachia mkebe wa maji na viazi vya kuchemsha. Nikamwambia asitoe sauti, asigonge, asimjibu yeyote ila mimi. "Hata ukisikia ni Milcah," nilimwambia, "usijibu. Wanaweza kumkamata wakamlazimisha akuite." Akasema, "Wewe ukifa je?" Nikasema, "Mimi sifi, nina barua ya kumaliza." Tukacheka kidogo.

Asubuhi ya tatu vijana wa upande ule mwingine wakachoma mgongo wote wa kilima. Tulipanda lori la viazi na nguo tulizovaa, sikufika stoo. Nilirudi mara mbili, nikazuiwa na wanajeshi barabarani mara mbili. Miaka kumi na saba nimekuwa nikijiambia hizo mara mbili. Ya tatu sikujaribu kwa wakati. Na pale kwenye hema sikumwambia mtu, kwa sababu waliotuzunguka wangeenda kummaliza. Mama yako pekee ndiye aliyekisia. Hatujawahi kulizungumza.

Siku ya tisa nilifika. Stoo ilikuwa imesimama peke yake, kufuli likiwa vilevile. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake. Alikuwa ameketi juu ya godoro, ameegemea mlango wao wa kijani. Mkebe ulikuwa mkavu. Wangu, alikuwa fundi wa mabati. Angeweza kung'oa paa lile kwa mikono kwa nusu saa. Sikuona bati lililopinda. Sikuona alama hata moja mlangoni. Alikuwa amengoja, kama tulivyokubaliana.

Nilimzika mwenyewe nyuma, palipokuwa na shamba la pareto. Ndipo pale Rahab huuliza kwa nini hatulimi. Mwezi wa sita Milcah alikuja kuchukua vitu vyake. Nilimkabidhi vyote kumi na moja, hakuna kilichokwaruzwa, akanishukuru. Akauliza kuhusu Kibii. Nikasema aliondoka siku ya pili, kwamba sikujua alielekea wapi.

Sasa unajua. Simjui anayelala kwenye benki yako na sitaki kumjua.

Ndegwa


Bondeni
17 Agosti 2025

Anko,

Nimemsomea Mum barua yako. Najua ile ya Juni ulikataza. Alikaa kitandani akasema, "Nilikuwa nangoja aseme yeye." Hivyo tu, kisha akaomba chai.

Nilituma ujumbe kwa Kumi na Mbili, ingawa mwili wake ulishakufa. Niliandika, "Ndegwa ni anko wangu. Wewe ni nani?" Alijibu baada ya siku sita. Ni Linah. Anafanya kazi kwenye duka la dawa hapa mjini, si mbali na saiba, labda nimeshamchapishia karatasi. Aliliona jina la benki kwenye orodha ya gemu akakumbuka. Mama yake huvisema vile vitu kumi na moja akiwa anapepeta mahindi, kama mtu anayeimba. Na husema kufuli lilikuwa kwa nje, kwa hivyo Kibii hakuwa ndani. Linah ameyasikia hayo maisha yake yote. Anasema alijilaza pale kwangu kwa sababu moja. Alitaka kuona kama mtu anaweza kufungiwa kwa nje na bado awe ndani.

Sijamwambia lolote. Hilo si langu. Milcah yuko hai, anaishi Mogotio. Linah anasema hakuolewa tena, na kwamba chakula cha jioni hukipika cha watu watatu.

Umeandika maisha yako yote kuhusu watu wanaoficha mambo. Nenda.

Wangu


Molo
7 Septemba 2025

Wangu,

Nimefika Mogotio na nimerudi. Kuna joto huko, na mbuzi wengi. Nakuandikia haraka kabla sijaanza kuyapanga maneno yakapendeza.

Milcah amezeeka vizuri. Alinijua nikiwa bado kwenye geti. Ule mlango wa kijani ndio mlango wa jikoni kwake. Linah alikuwepo, alichukua ruhusa kazini. Alinipa mkono, akakaa karibu na mama yake.

Nilisema. Kufuli, wanajeshi, siku ya tisa, pareto. Sikumtetea mtu yeyote. Milcah alisikiliza akiwa ameshika ungo wenye mahindi, na hakuuweka chini. Nilipofika mwisho nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na maneno ya kukubali kufukuzwa.

Akasema, "Nilikuja."

Sikuelewa.

"Siku ya tano," akasema. "Nilimwacha mtoto kwa dada yangu, nikatembea kutoka barabara kuu. Hakukuwa na mtu mahali popote, hata mbwa. Nikaona kufuli. Nikasema, mtu hafungiwi hivyo, ni vitu. Lakini nilimwita. Nilisimama hapo mlangoni nikamwita kwa jina mara tatu, polepole. Nikamwambia, Kibii, niko peke yangu, kama umo ndani nijibu. Kulikuwa kimya. Nikarudi. Nikajua ameniacha, ameenda zake, na miaka hii yote nimekuwa nikimkasirikia."

Kisha akanitazama usoni, Wangu, akauliza, "Kwa nini hakunijibu?"

Lile moja nilikuwa nimelibakiza. Nilikuandikia wewe lakini pale sikuwa nimelitaja, na nilikuwa nimeamua njiani kwamba halina faida kwa mtu. Ningeweza kusema alikuwa ameshakufa siku hiyo. Lilikuwa jibu la huruma, lilikuwa tayari mdomoni. Linah alikuwa ananiangalia.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia hata akisikia ni wewe, asijibu."

Ungo ulikuwa umetulia kabisa. Kuku walikuwa wanakula karibu na miguu yake. Akaanza tena kupepeta, taratibu, na kwanza nilidhani analia lakini alikuwa karibu kucheka.

"Kibii," akasema. "Huyo hakumsikiliza baba yake. Hakunisikiliza mimi, wala mchungaji, wala daktari. Maisha yake yote hakuna mtu aliwahi kumwambia neno akalifuata."

Akapuliza makapi.

"Halafu akakusikiliza wewe."

Wanakuja Jumamosi, mama na binti, kuona palipokuwa na pareto. Mwambie Kihara aache nafasi mbili mbele, na asipakie kitu juu.

Ndegwa